Sura ya Saba: Kasi Inayopotelea Jijini

Mtandao ukisuasua Nairobi, lawama ya kwanza huelekezwa baharini. Kebo imekatika, watu huambiana, na mara nyingine ni kweli. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili zinazopita pwani ya mashariki ya Afrika, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja, na kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala kazi zikakwama. Lakini kebo za baharini hazikatiki kila wiki, ilhali wiki haipiti bila malalamiko ya kasi kusikika. Mara nyingi chanzo kiko karibu zaidi, katika kilomita chache zinazobaki baada ya data kuvuka bahari na kupanda kutoka Mombasa: chini ya lami ya Mombasa Road, juu ya nguzo za umeme mitaani, ndani ya vyumba vya mitambo vya Upper Hill na Westlands.

Huo ndio mtandao wa jiji. Ni mizunguko ya nyuzi za kioo yenye urefu wa makumi ya kilomita, inayounganisha vituo vya data, minara ya simu, benki, hospitali, vyuo na mitaa ya makazi, kisha kuvishikanisha vyote na njia kuu za masafa marefu. Mwananchi hauoni wala haulipii moja kwa moja. Yeye hulipia laini ya nyumbani au bando la simu. Ila kila anachotuma na kupokea hupita humo. Nami nashikilia kwamba kasi inayopotelea humo haipotezwi na kioo. Kioo kilichokwisha kuzikwa chini ya miji yetu kina uwezo ambao hatujautumia hata kwa sehemu ndogo. Kasi tunaipoteza kwa njia tunazozichagulia data, kwa viungo vinavyofanywa haraka haraka, na kwa mitaro inayochimbwa bila mpango.

Nianze na njia, maana huko ndiko Nairobi ilikopata faida kubwa kuliko zote kwa gharama ndogo kuliko zote.

Mwaka 2000, ofisi mbili zilizopakana jijini, kila moja ikiwa na mtoa huduma wake wa intaneti, zilipotumiana barua pepe, barua hiyo ilirushwa kwenye setilaiti, ikashuka Ulaya au Marekani, ikakabidhiwa mtandao wa pili huko, kisha ikarudishwa Kenya. Setilaiti za aina hiyo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka mara moja tu kunamaliza robo ya sekunde, na ujumbe huo ulipanda na kushuka zaidi ya mara moja ili kufika chumba cha pili. Tena watoa huduma wote wawili waliilipia safari hiyo kwa dola.

Dawa yake haikuwa mtambo wa ajabu. Ilikuwa chumba kimoja chenye swichi, ambamo kila mtoa huduma anavuta laini yake na kukabidhiana na wenzake data za humu humu nchini. Chama cha watoa huduma, TESPOK, kilifungua kituo hicho mwishoni mwa mwaka 2000 kwa jina la KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa bado na ukiritimba kisheria, ilikipinga, na mdhibiti wa mawasiliano wa wakati huo, CCK, akaamuru kifungwe. Wenye kituo hawakukubali yaishe hapo. Walikwenda wakaeleza, wakarudi wakaeleza tena, kwamba hawauzi mawasiliano ya kimataifa; wanakabidhiana tu yale ambayo hayakupaswa kutoka nchini tangu mwanzo. Februari 2002 kituo kilifunguliwa upya, safari hii kikiwa na leseni. Naitaja historia hii kwa heshima, kwa kuwa hakuna leza wala kipaza mwanga kilichowahi kuipa Nairobi kasi nyingi kuliko leseni ile.

Shirika la Internet Society lilipochunguza matokeo mwaka 2012, lilikuta muda wa data kwenda na kurudi kati ya mitandao ya Kenya umeshuka kutoka milisekunde 200 hadi 600, ukawa milisekunde 2 hadi 10. Watoa huduma walikuwa wakiokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka. Uchunguzi wa pili, wa mwaka 2020, ulionyesha kwamba sehemu ya data inayopatikana humu nchini imepanda kutoka asilimia 30 hadi 70, na kwamba data iliyopita kituoni saa za kilele imetoka gigabiti 1 kwa sekunde ikafika gigabiti 19.

Kwa nini milisekunde zina uzito huo wote? Kwa sababu kompyuta haimwagi data zote kwa mkupuo. Hutuma fungu, ikasubiri kuambiwa limefika, ndipo itume jingine. Itifaki ya TCP, ambayo hubeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, awali iliruhusu fungu lisizidi kilobaiti 64. Piga hesabu: ukituma kilobaiti 64 na jibu likachukua nusu sekunde, kasi yako ni takriban megabiti 1 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi yako hata kama umelipia laini ya gigabiti nzima. Jibu likirudi kwa milisekunde 5, laini ile ile, kompyuta ile ile na fungu lile lile hukupa zaidi ya megabiti 100. Tangu mwaka 1992 itifaki iliongezewa uwezo wa kupanua fungu, na mifumo ya leo huutumia. Hata hivyo pakiti moja ikipotea njiani, fungu hupunguzwa, na kulikuza tena huchukua safari nyingi za kwenda na kurudi. Aliye mbali huadhibiwa kila mara. Ndiyo maana mhandisi wa mtandao wa jiji anapaswa kuuliza kwanza data inakwenda wapi, kabla hajauliza anunue mtambo gani.

Sasa twende kwenye kioo chenyewe.

Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake George Hockham, wakifanya kazi katika maabara ya Harlow, Uingereza, waliandika kwamba mwanga ungeweza kubeba simu ndani ya uzi wa kioo iwapo upotevu ungepunguzwa hadi desibeli 20 kwa kilomita. Kipimo hicho kina maana kwamba baada ya kilomita moja mwanga unaobaki ni asilimia 1 tu, na bado kilionekana ndoto, kwa kuwa kioo cha siku zile kilipoteza takriban desibeli 1,000. Kao alisisitiza kwamba tatizo ni uchafu ulio ndani ya kioo, si kioo. Mwaka 1970 watafiti wa kampuni ya Corning huko Marekani walifikia desibeli 17. Uzi unaozikwa leo hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kilomita kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,550, hivyo mwanga unaweza kusafiri kilomita 15 ndipo upungue nusu. Kao alitunukiwa Nobeli mwaka 2009, mwaka ule ule ambao kebo za Seacom na TEAMS zilifika Mombasa na kuliunganisha eneo letu na dunia kwa kioo.

Kwa umbali wa jiji, basi, kioo ni karimu. Chukua laini ya kilomita 40, masafa yanayokaribia yale ya kutoka katikati ya Nairobi hadi Thika. Kioo chenyewe kitakula desibeli 8 hadi 10. Tatizo linaanza pale kinapoungwa. Kebo huja katika mapipa ya kilomita chache, kwa hiyo njia hiyo itakuwa na viungo kadhaa. Fundi mzuri, mwenye mashine ya kuyeyusha ncha mbili za nyuzi na kuzifanya moja, anaacha kiungo kinachopoteza chini ya desibeli 0.1. Kiini cha uzi, mahali mwanga unapopita, kina upana wa mikromita 9 tu, chembamba mara kadhaa kuliko unywele. Ncha isipokatwa sawasawa, au upepo ukileta vumbi wakati fundi ameinama kando ya barabara, kiungo hicho hicho kinaweza kula mwanga sawa na kilomita nyingi za kioo kizima.

Konekta ndizo mbaya zaidi. Konekta moja safi hupoteza sehemu ya desibeli. Ikiguswa kwa kidole, au ikiingia punje ya vumbi lisiloonekana kwa macho, inaweza kupoteza desibeli 3, yaani nusu ya mwanga wote. Tena hurudisha baadhi ya mwanga ulikotoka, na mwanga huo unaorudi huivuruga leza. Mafundi waliokaa katika kazi hii wana amri moja isiyo na msamaha: kagua kwa darubini, safisha, kagua tena, ndipo uchomeke. Amri hiyo hailipiwi na mtu yeyote, haionekani katika ripoti ya mwezi, na ndiyo huachwa kwanza timu inapobanwa na muda. Ningekuwa na sauti katika bajeti ya kampuni ya mtandao, ningenunua darubini na vitambaa vya kusafishia kwa kila fundi kabla ya kusaini hati ya mtambo mpya hata mmoja.

Kuna na mikunjo. Kebo iliyofungwa kwa nguvu kwenye nguzo, au uzi uliozungushwa kwa duara dogo ndani ya kisanduku, huachia mwanga uvuje. Fundi huligundua hilo bila kufungua kitu: anapima laini kwa mwanga wa nanomita 1,310, kisha 1,550. Kama upotevu wa 1,310 ni wa kawaida na wa 1,550 ni mkubwa, tayari amejua ni mkunjo, kwa kuwa mwanga wa wimbi refu huvuja upesi zaidi kwenye kona. Kifaa chake cha kupimia, OTDR, hutuma mpigo mfupi wa mwanga na kusikiliza kidogo kinachorudishwa na kioo. Kila kilomita huchukua mikrosekunde 10 kwenda na kurudi, hivyo muda unamwambia tatizo liko mita ngapi kutoka aliposimama. Kumbukumbu za vipimo hivyo, zikitunzwa tangu siku laini ilipokabidhiwa, ni mali. Bila hizo hakuna anayejua laini imechakaa kiasi gani hadi siku itakapozima.

Laini ikishakuwa safi, ndipo teknolojia mpya hulipa. Njia ya kwanza ya kuongeza uwezo bila kuchimba ni rangi. Uzi mmoja unaweza kubeba mianga mingi yenye urefu tofauti wa wimbi, kila mmoja na data zake, bila kugongana. Mfumo wa bei nafuu, uliokuwa kipenzi cha mitandao ya miji, hutenganisha rangi kwa nanomita 20 na kupata hadi rangi 18. Mfumo wa kubana zaidi huweka rangi 80 au zaidi kati ya nanomita 1,530 na 1,565, eneo ambamo vipaza mwanga vyenye madini ya erbiamu hufanya kazi vizuri. Vipaza hivyo, vilivyobuniwa mwaka 1987, huzikuza rangi zote kwa pamoja bila kuzigeuza kwanza kuwa umeme.

Njia ya pili ni kuongeza kasi ya kila rangi, na hapa fizikia iliwahi kuweka ukuta. Mwanga wa leza hauna wimbi la urefu mmoja kamili, na ndani ya kioo mawimbi ya urefu tofauti hayaendi sawa. Kwenye uzi wa kawaida yanaachana kwa pikosekunde 17 kwa kila nanomita, kwa kila kilomita. Kwa gigabiti 10, kila biti inadumu pikosekunde 100, na baada ya kilomita 80 hivi biti zinaanza kumwagikiana. Ukizidisha kasi mara nne, biti inafupika mara nne na mwanga unatanuka mara nne, hivyo umbali unapungua mara 16. Gigabiti 40 zilizotumwa kwa mtindo ule wa zamani, wa kuwasha na kuzima mwanga, zisingevuka hata kitongoji kikubwa bila msaada.

Ukuta huo uliangushwa na hesabu. Kuanzia takriban mwaka 2010 vilikuja vipokezi ambavyo, badala ya kupima ukali wa mwanga tu, hupima pia awamu ya wimbi na mielekeo miwili ya mtetemo wake. Vikishapata taarifa hizo zote, chipu ndani ya kipokezi hukokotoa jinsi kioo kilivyoupotosha mwanga, kisha huupotosha kinyume hadi data zitokee zilivyokuwa. Gigabiti 100 zikapita kwenye uzi ule ule uliozikwa kwa ajili ya gigabiti 2.5. Mwaka 2020 ukachapishwa mkataba wa kiufundi uitwao 400ZR, unaoziwezesha gigabiti 400 kusafiri hadi kilomita 120 kwa rangi moja, kwa kutumia kifaa kidogo kinachochomekwa moja kwa moja kwenye rauta. Kilomita 120 ni kipimo cha jiji. Kabati zima la mitambo ya kati, pamoja na umeme na ubaridi wake, linaweza kuondolewa.

Lakini angalia sharti lake. Ili kubeba gigabiti 400, kila mpigo wa mwanga hubeba biti 8, na tofauti kati ya hali moja na nyingine ni ndogo sana. Kelele kidogo tu inatosha kuzichanganya. Laini yenye konekta chafu, iliyokuwa ikivumiliwa na gigabiti 10, haitavumiliwa na 400. Mkurugenzi anayetumaini kwamba mtambo mpya utamwepusha na kazi ya ufagio na darubini atanunua kifaa cha gigabiti 400 kisha alazimike kukiendesha kwa nusu ya uwezo huo.

Kisha kuna swali la mzigo. Mtandao wa jiji hujengwa kwa mzunguko ili ukikatika upande mmoja, data zigeuke zipite upande wa pili. Mifumo ya zamani ya simu iliweka kipimo cha milisekunde 50 kwa mgeuko huo, na bado ni kipimo kizuri. Watu husahau kwamba upande wa pili lazima uwe na nafasi. Pande zote mbili zikibeba asilimia 70 kila moja, siku ya ajali upande uliobaki utatakiwa kubeba 140, na mzunguko utakuwa umeokoa laini bila kuokoa huduma. Ndiyo maana kila upande unapaswa kuongezewa uwezo unapokaribia nusu, hata kama grafu inaonekana tulivu. Grafu zenyewe hudanganya, kwa kuwa nyingi huonyesha wastani wa dakika tano, ilhali foleni hujazana na kumwagika ndani ya milisekunde. Hesabu rahisi za foleni huonyesha kwamba ukitoka asilimia 50 ya matumizi kwenda 90, wastani wa kusubiri huongezeka mara tisa. Mteja huiona mara tisa hiyo katika simu ya video inayokatika saa mbili usiku, wakati ripoti ya mwezi inasema laini haijajaa.

Haya yote, hata hivyo, hayana nguvu mbele ya koleo la mchimbaji. Mzunguko uliochorwa kwa njia mbili kwenye karatasi hauna faida kama njia hizo zimelala katika mtaro mmoja, na katika miji yetu mara nyingi ndivyo ilivyo, kwa sababu kila kampuni huifuata barabara ile ile. Ujenzi wa barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27 zilizofunguliwa mwaka 2022, ulilazimu nyaya na mabomba ya kila namna kuhamishwa kando ya njia kuu ya jiji. Barabara mpya zitakuja tena, Nairobi, Dar es Salaam, Mwanza na Kisumu, na tunazihitaji. Jambo lisilo na sababu ni lami kumwagwa bila mabomba matupu ya nyaya kuwekwa chini yake, ilhali kuchimba ndiko hula sehemu kubwa ya fedha za kulaza kioo. Jiji la Stockholm lilikwisha kulielewa hili mwaka 1994, lilipounda kampuni yake, Stokab, inayolaza nyuzi chini ya jiji na kumkodishia kila mtoa huduma kwa masharti yale yale. Barabara inachimbwa mara moja, na washindani wanashindana kwa huduma. Serikali zetu za kaunti na manispaa, ambazo tayari hutoza ada kwa kila kibali cha kuchimba, zina mamlaka ya kufanya vivyo hivyo: mabomba ya pamoja chini ya kila barabara mpya, na ramani ya yaliyozikwa ambayo mkandarasi analazimika kuisoma kabla ya kuleta tingatinga.

Nawe msomaji, ikiwa unasimamia hospitali, shule, kiwanda au benki, una nguvu kuliko unavyodhani. Utakaposaini mkataba mwingine wa intaneti, usitosheke na idadi ya megabiti iliyoandikwa juu ya karatasi. Dai ramani ya njia mbili kutoka mlangoni kwako hadi kituo cha data, mtaa kwa mtaa, uone kama zinakutana popote. Uliza kama mtoa huduma wako ameunganishwa na kituo cha kubadilishana data cha nchi yako. Omba kipimo cha OTDR cha siku ya makabidhiano na ukihifadhi. Wateja wakubwa wakianza kuyadai haya kwa pamoja, watoa huduma watachimba ile njia ya pili, kwa kuwa itakuwa imepata mnunuzi.